Gumba Lililoteguka: Wiki Tatu Zinazoamua Mkono wa Mwanamichezo wa Kamina

Miongoni mwa majeraha yanayowapata wanamichezo, machache hupuuzwa kwa wepesi kama kuteguka kwa kidole gumba, kwa sababu mwenye jeraha hutembea, hukimbia na huzungumza kama kawaida, na mara nyingi huendelea na mchezo hadi filimbi ya mwisho akiwa amefungwa kitambaa tu, ilhali ndani ya kiungo kilicho chini ya gumba lake huenda ukanda unaokishikilia kidole hicho umekatika kabisa na ncha yake imeshahama mahali pake. Katika Kamina, mji mkuu wa jimbo la Haut-Lomami katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo tangu Katanga ya zamani igawanywe kuwa majimbo manne mwaka 2015, jeraha hilo lina uzito wa pekee. Si kwamba hutokea huko zaidi kuliko kwingine, bali mji huo uko mbali na Lubumbashi, penye chuo kikuu chenye kitivo cha tiba na Hospitali ya Jason Sendwe, kwa zaidi ya kilomita 400 hata zikipimwa kwa mstari ulionyooka, na reli ya kutoka kusini, iliyofikishwa Ilebo mwaka 1928 ikipitia Kamina, hupinda na kuzunguka zaidi ya hapo.

Ili kuelewa kinachoharibika, ni lazima kwanza kuelewa ujenzi wa kidole chenyewe. Gumba lina pingili mbili tu, tofauti na vidole vingine vyenye tatu, na pingili yake ya chini hukutana na mfupa wa kwanza wa kiganja kwenye kiungo kinachotokeza kama kinundu pale kidole kinapokunjwa. Ubavuni mwa kiungo hicho, kila upande, ipo ligamenti, yaani ukanda mfupi na mgumu wa nyuzinyuzi unaofunga mfupa kwa mfupa, tofauti na kano, ambayo hufunga msuli kwa mfupa na husogea msuli unapokaza. Ligamenti ya upande wa nje huumia pia, lakini ile ya upande wa ndani, unaotazamana na kidole cha shahada, ndiyo inayoumia mara nyingi zaidi, kwa kuwa ndiyo inayolizuia gumba lisisukumwe nje, mbali na vidole vingine, kila mtu anapobana kitu.

Kazi ya ukanda huo huonekana mezani kabla ya kuonekana uwanjani. Mlaji wa bukari, yaani ugali, humega tonge, huliviringisha kiganjani, kisha hulibonyeza kwa gumba ili lipate kishimo cha kuchotea sombe ya majani ya muhogo au mchuzi wa samaki. Katika kubonyeza huko tonge nalo hulisukuma gumba kwa nje, na kinachokifanya kidole kisiyumbe ni ligamenti ya ndani. Mtu ambaye ligamenti hiyo imekatika huanza kubana tonge kwa ubavu wa kiganja au kuhamia mkono wa pili, na mara nyingi wa nyumbani ndio huliona jambo hilo kabla ya kocha. Ndivyo ilivyo pia katika kuzungusha ufunguo, kufungua kifuniko cha chupa, kushika kalamu na kukaza mpini wa jembe. Miongozo ya kitabibu inayotumiwa Marekani kupima ulemavu hulihesabia gumba peke yake asilimia 40 ya kazi ya mkono mzima, kadirio ambalo halitamshangaza yeyote aliyewahi kujaribu kufunga vifungo vya shati bila kidole hicho.

Namna ligamenti inavyokatika hutofautiana kwa mchezo, ingawa nguvu inayohusika ni ileile, nayo ni ile inayolivuta gumba kwa ghafla likapanuka nje kupita kiasi. Golikipa hufundishwa kuupokea mpira wa juu kwa kuviweka vidole gumba viwili karibu karibu nyuma ya mpira, vidole vingine vikiwa vimetanuliwa. Akichelewa kidogo, au mpira ukiguswa na mchezaji mwingine njiani ukabadili mwelekeo, uzito wake wa gramu 410 hadi 450 hutua kwenye ncha ya gumba moja lililo wazi na kulipindua. Katika mpira wa mikono, ambao Kongo imefika nao hadi mashindano ya dunia ya wanaume nchini Misri mwaka 2021, mlinzi anayenyoosha mkono kuzuia shuti huumia kwa namna hiyohiyo, na mshambuliaji huumia pale mkono wake unapogongana na mkono wa mlinzi katikati ya kurusha. Wanamieleka na wachezaji wa judo huumia kwa kushika nguo ya mpinzani ambaye naye anajikwamua. Mchezaji wa mpira wa kikapu huumia anapopokea pasi kali au kuanguka mkono ukiwa umetanuliwa.

Kuna chanzo kingine ambacho si cha michezo pekee, nacho katika Haut-Lomami pengine kina maana zaidi kuliko vyote vilivyotajwa. Baiskeli, ambayo watu wa Katanga huiita kinga, ndiyo inayobeba makaa, mihogo na abiria kati ya vijiji na mji, na mwendeshaji anapoanguka mbele huwa bado ameukumbatia usukani, gumba likiwa upande mmoja wa chuma na vidole vinne upande mwingine. Mkono unapogonga ardhi, chuma hubaki katikati na kulisukuma gumba nje. Huko Ulaya tukio lilelile hutokea kwenye theluji: anayeteleza akianguka huku ameshika fimbo yake, fimbo hulipanua gumba, na jeraha hilo limekuwa la kawaida kwa wanamichezo hao kiasi kwamba vitabu vingi vya tiba hulitaja kwa jina la mchezo wao. Kamina, iliyo kwenye uwanda wa juu wa savana, haijui theluji, lakini mikono ya waendesha kinga wake hupitia ajali ileile bila kuandikwa katika vitabu hivyo.

Historia ya kulitambua jeraha hili haikuanzia hata kidogo kwenye michezo. Mwaka 1955 daktari C. S. Campbell alichapisha katika jarida la Uingereza la upasuaji wa mifupa maelezo ya walinzi wa mashamba ya uwindaji wa Scotland ambao magumba yao yalikuwa yamelegea. Walikuwa na kazi ya kuwamalizia sungura waliojeruhiwa kwa kuwavunja shingo kati ya gumba na kidole cha shahada, na tendo hilo, likirudiwa miaka mingi, liliivuta ligamenti kidogo kidogo hadi ikapoteza ukakamavu. Kwa hiyo jeraha hili lina sura mbili, moja ya ghafla na moja ya polepole, na ile ya polepole huweza kumpata yeyote ambaye kazi yake humlazimu kubana kwa nguvu siku zote, awe mwindaji au fundi.

Hatua iliyobadilisha tiba ilikuja mwaka 1962, na inastahili kuelezwa kwa kituo, kwa maana maamuzi yote ya leo yameegemea hapo. Bertil Stener, mpasuaji wa Sweden, alipowafungua wagonjwa ambao ligamenti zao zilikuwa zimekatika kabisa, aliona kwamba katika zaidi ya nusu yao ncha iliyokatika haikuwa tena mahali pake. Juu ya ligamenti hiyo hupita utando mpana na mwembamba wa msuli unaolivuta gumba kuelekea kiganjani. Gumba linapopinduliwa nje kwa nguvu, ligamenti hung'oka kwenye pingili, na gumba linaporudi, utando hurudi kabla yake na kuiacha ligamenti ikiwa imekunjamana nje, kama kamba iliyochomoka chini ya mkeka ikabaki juu yake. Kuanzia hapo ncha mbili haziwezi kugusana, na ncha zisizogusana haziungani, hata mkono ukifungwa plasta kwa miezi. Uvimbe utapungua, maumivu yatafifia, mchezaji atarejea uwanjani akiamini amepona, na kiungo kitabaki kimelegea.

Hapo ndipo ilipo hatari ya neno kuteguka. Katika lugha ya kila siku neno hilo hujumuisha mambo matatu yasiyolingana, yaani nyuzi chache zilizonyooka, ligamenti iliyokatika nusu, na ligamenti iliyokatika yote. Mbili za mwanzo hupona kwa kutulizwa, ya tatu mara nyingi haiponi bila upasuaji, lakini kwa macho zote tatu huonekana kama gumba lililovimba na kugeuka rangi. Tiba ya kwanza ambayo familia nyingi za eneo hilo huikimbilia ni kukandwa kwa mafuta na maji ya moto, na wakati mwingine kuvutwa kidole hadi kilie, au kuchanjwa chale ndogo na kupakwa dawa. Hakuna sababu ya kuwabeza wanaoifanya kazi hiyo, kwa kuwa wao ndio walio karibu na hulipwa kidogo, wakati mwingine kwa kuku tu. Ila katika jeraha hili mahususi kuvuta kunaweza kuimalizia ligamenti iliyokuwa imebakiza nyuzi, na chale juu ya ngozi iliyovimba hufungulia mlango usaha, ambao humlazimisha mpasuaji kuahirisha kazi yake. Ombi linaloweza kutolewa kwa waganga hao ni dogo: wafunge, wasivute.

Uchunguzi wenyewe hauhitaji mashine kubwa, jambo ambalo ni faraja kwa mji ulio mbali. Kinachotangulia ni picha ya eksirei, nayo hupigwa kabla ya kiungo kupimwa kwa mkono, kwa kuwa wakati mwingine ligamenti haikatiki yenyewe bali hung'oa kipande cha mfupa, na kipande hicho kikionekana kimeshahama, jibu limepatikana bila kumuumiza mgonjwa zaidi. Tahadhari hii inawahusu zaidi vijana wa shule, ambao mifupa yao ingali inakua: kwao sehemu laini ya ukuaji iliyo kwenye shina la pingili mara nyingi huachia kabla ya ligamenti, hivyo kile kinachoitwa kuteguka huwa ni mfupa uliovunjika hadi ndani ya kiungo. Picha hiyohiyo humfichulia daktari mvunjiko wa shina la mfupa wa kwanza wa kiganja, ule uliopewa jina la Bennett wa Dublin aliyeueleza mwaka 1882, ambao huumiza mahali pa karibu na hutibiwa kwa namna nyingine kabisa.

Picha isipoonyesha mvunjiko, daktari huushika mfupa wa kiganja kwa mkono mmoja ili usizunguke, na kwa mkono wa pili huisukuma pingili nje taratibu, mara moja kidole kikiwa kimenyooka na mara nyingine kikiwa kimekunjwa kiasi cha nyuzi 30, kisha hufanya vivyo hivyo kwenye mkono mzima ili alinganishe. Kiungo kikifunguka zaidi ya nyuzi 30 hadi 35, au kikiuzidi kile cha mkono mzima kwa nyuzi 15, na hasa daktari asipohisi mwisho mgumu wa kusukuma, yaani kidole kikiendelea tu kwenda bila kugota, ligamenti huhesabiwa kuwa imekatika yote. Maumivu makali yakimfanya mgonjwa akaze misuli, sindano ndogo ya ganzi huuwezesha uchunguzi kusema kweli. Ekografia, kipimo cha mawimbi ya sauti ambacho hospitali nyingi tayari zinacho kwa ajili ya wajawazito, huweza kuionyesha ligamenti iliyohama ikiwa mpimaji ana uzoefu wa viungo vya mkono, na pengine ni upotevu kwamba kifaa hicho hukaa chumba cha pili bila kuelekezwa kwenye gumba.

Jeraha la sehemu, yaani ligamenti iliyokatika nusu, hutibiwa kwa kulituliza gumba ndani ya plasta au banzi kwa wiki 4 hadi 6, kiungo cha juu, kile kilicho karibu na ukucha, kikiachwa huru ili kisigande. Kabla ya kufika hospitali, kadibodi ngumu iliyokunjwa na kufungwa kwa bendeji kuzunguka gumba na kifundo cha mkono hufanya kazi hiyohiyo kwa siku chache, mradi rangi ya ukucha ikaguliwe mara kwa mara ili bendeji isikate damu. Barafu ni adimu pasipo umeme wa uhakika, na kitambaa kilicholowekwa maji ya mtungi hutosha. Baada ya plasta hufuata mazoezi ya kukunja na kubana polepole, kisha miezi kadhaa ya kucheza gumba likiwa limefungwa utepe.

Ligamenti iliyokatika yote, hasa iliyohama, hupelekwa kwa mpasuaji, na hapa muda ndio kila kitu. Ndani ya wiki 2 hadi 3 za kwanza ncha yake huwa bado laini na ndefu ya kutosha kurudishwa na kushonewa kwenye mfupa; baada ya hapo hujikunja, hushikana na kovu, na huanza kupoteza umbo. Katika hospitali tajiri hufungwa kwa nanga ndogo inayozamishwa ndani ya mfupa ikiwa na uzi wake. Vitabu vya upasuaji havijaisahau njia ya zamani, ambayo uzi hupitishwa kwenye matundu yaliyotobolewa katika pingili na kufungwa upande wa pili juu ya kifungo cha kawaida cha nguo kilichokaa nje ya ngozi, huku kijiti chembamba cha chuma kikikishikilia kiungo kwa wiki kadhaa. Njia hiyo ya kifungo haina ufahari, lakini mpasuaji makini anaweza kuifanya bila vifaa vya kuagizwa ng'ambo, akichunga asikate matawi ya neva yanayopita chini ya ngozi ya mahali hapo, ambayo yakiguswa humwachia mgonjwa ganzi au uchungu mgongoni mwa gumba.

Anayechelewa kwa miezi hupewa tiba ya daraja la pili, ambayo ni kuichukua kano ya sehemu nyingine, mara nyingi ile nyembamba ya mbele ya kigasha ambayo mkono hauikosi sana, na kuitengenezea ligamenti mpya. Anayechelewa kwa miaka, hadi gegedu la kiungo likalika na kila kubana kukawa maumivu, huishia kuunganishiwa mifupa miwili iwe mmoja. Atapata gumba lisilouma na lenye nguvu, lakini kiungo kile hakitakunjika tena.

Habari za wanamichezo mashuhuri husaidia kuonyesha kwamba jeraha hili si mwisho wa safari, ingawa pia hudanganya. Mike Trout, mchezaji wa besiboli wa Marekani, alikata ligamenti ya gumba la kushoto tarehe 28 Mei 2017 alipojitupa mbele kuelekea kituo, akapasuliwa ndani ya siku chache, na akarejea tarehe 14 Julai. Drew Brees, aliyekuwa na umri wa miaka 40 na ambaye riziki yake ilitegemea kurusha mpira wa kandanda ya Kimarekani kwa mkono wa kulia, aliumia gumba la mkono huohuo tarehe 15 Septemba 2019 na alikuwa uwanjani tena tarehe 27 Oktoba. Kilichowawezesha kurudi chini ya siku 50 ni kwamba walipasuliwa mara moja na kusimamiwa na wataalamu wa mazoezi. Kwa mchezaji asiye na hayo, miezi 3 hadi 4 ndiyo hesabu ya busara.

Kandanda ya Katanga nayo imejengwa na mikono ya magolikipa. Robert Kazadi Mwamba alilinda lango la TP Englebert, timu ya Lubumbashi iliyotwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika mwaka 1967 na 1968, katika enzi ambayo glavu za mlinda mlango zilikuwa hazijaenea. Robert Muteba Kidiaba alilinda lango la TP Mazembe, jina jipya la timu hiyohiyo, ilipofika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu huko Abu Dhabi mwaka 2010, na dunia ilikumbuka zaidi alivyorukaruka kwa makalio akishangilia kuliko jinsi mikono yake ilivyoipokea mipira. Watoto wanaowaiga katika viwanja vya vumbi vya Kamina huiga kwanza kile kilichoonekana kwenye televisheni; mkao wa vidole gumba nyuma ya mpira ni lazima ufundishwe, tena kwa subira, kwa mpira wa polepole kabla ya mashuti. Glavu zenye vijiti ndani husaidia kuzuia vidole visipinduke nyuma, lakini haziwezi kufanya mengi dhidi ya gumba linalovutwa kando, na utepe unaolifunga gumba karibu na kiganja huwa na faida zaidi kwa bei ndogo.

Kwa hiyo jukumu kubwa zaidi humwangukia kocha au mwalimu wa michezo, ambaye ndiye shahidi wa kwanza. Gumba lililovimba upande wa kidole cha shahada, lenye uchungu mahali pamoja panapobonyezwa, na lisiloweza kubana karatasi isichomoke, lifungwe banzi siku hiyohiyo na mwenyewe apelekwe kupigwa eksirei bila kukandwa wala kuvutwa. Na kwenye karatasi anayokwenda nayo hospitali kocha aandike tarehe ya kuumia, kwa sababu ikiwa safari ya Lubumbashi itahitajika, hilo litakuwa swali la kwanza la mpasuaji, na mgonjwa mwenye maumivu huwa wa kwanza kuisahau.